Nusu fainali ya kriketi ya 2003 ilikuwa ya ova 50

Unasema Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi la Twenti20, yaani mchezo mfupi wa ova 20 kwa kila timu (ova moja ni mirusho sita ya mpira). La, ndugu yangu, ile nusu fainali haikuwa ya Twenti20. Ilikuwa Kombe la Dunia la ova 50, 2003, tukatolewa na India kule Durban kwa tofauti ya mikimbio (alama) 91. Kombe la Dunia la Twenti20 lenyewe lilianza 2007, na huko tulicheza mechi mbili tu: New Zealand walitutoa wote tukiwa na mikimbio 73 tu, kisha Sri Lanka wakatupiga 260 nasi tukaishia 88. Sri Lanka hao hao tuliowafunga Nairobi miaka minne nyuma! Siku ile mrushaji wetu Collins Obuya aling'oa wiketi 5, yaani aliwatoa wapigaji watano, akiruhusu mikimbio 24 tu. Niliitazama hapa Malindi, Shela, kwa jirani mwenye dishi, tumejazana mpaka mlangoni, na hesabu ile sijaisahau.

Ila tuseme kweli: New Zealand walikataa kuja Nairobi mwaka huo wa 2003 wakihofia usalama, tukapewa pointi za bure. Zilitusaidia, lakini Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe tuliwafunga uwanjani.

Wanaosema tulikuwa wazuri kwenye Test, zile mechi za siku tano, wanakosea. Kenya haijapata kamwe hadhi ya kucheza mechi hizo. Hata hadhi ya mechi za kimataifa za ova 50 ilitutoka 2014, na kwangu mimi hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ova 50 ndiko vijana wetu walikokuwa na nafasi ya kutulia, kukosea, na kurudi mchezoni.