Mishono miwili, vitambaa vitano: namna ya kujizoeza kudarizi

Anayeanza kudarizi kwa mkono asihangaike kukusanya mishono mingi. Miwili yamtosha, wa kurudi nyuma (sindano hurudi kila mara hadi mwisho wa mshono uliotangulia) na wa mnyororo (vitanzi vinavyoshikana), ila aishone kwenye vitambaa tofauti, maana kitambaa ndicho kinachoamua sindano na wingi wa nyuzi. Hapa Moshi, Soko la Memorial lina jinzi na tisheti za mitumba, na mafundi cherehani hubakiwa na vipande vya vitenge. Kwa fremu ya duara ya sentimita 15, kata kipande cha 25 kwa 25.

Anza na marekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Ifue kwa maji ya moto na kuipiga pasi kwanza. Usipofanya hivyo, itasinyaa baadaye na ua lote litakunjamana. Kata uzi wa sentimita 45, kwani mrefu zaidi huchakaa na kujifunga mafundo. Ndani yake mna nyuzi 6: chomoa mmoja mmoja, kisha unganisha 3. Ukizichomoa 3 kwa mkupuo zitasokotana. Kila mshono uwe milimita 3.

Kitenge kimebana, hivyo nyuzi 2 na sindano nyembamba yenye ncha kali. Hakuna haja ya kuchora: fuata mistari ya chapa. Jinzi inataka nyuzi zote 6, sindano nene namba 3 na mishono ya milimita 5. Uzi mwembamba humezwa.

Satini ndiyo inayotesa, na tunashauri uifikie mikono ikishazoea. Kila tundu la sindano hubaki, kwa hiyo kufumua si suluhisho. Tumia uzi 1 au 2 na sindano namba 10 (namba ikipanda, sindano hupungua unene). Zungushia pete ya ndani ya fremu utepe wa pamba ili satini isiteleze, na ukipumzika itoe, la sivyo alama ya duara itabaki.

Tisheti huvutika. Bandika gamu (kitambaa cha kukazia kinachoshikishwa kwa pasi, si gundi) nyuma yake, usiikaze kwenye fremu hadi ibadili umbo, na tumia sindano ya ncha butu kidogo, kwani kali hukata nyuzi na kuacha matundu yanayopanuka. Hapa mnyororo ni bora kuliko wa kurudi nyuma, kwa kuwa vitanzi vyake hunyumbuka. Ukimaliza, vuta kitambaa taratibu kwa mikono yote miwili: uzi ukilia au kukatika, umekaza mno, rudia kwa mkono mlegevu.