Ng'oa hiyo ratiba ya kunyonyesha ukutani, mdogo wangu

Mleta mada, ng'oa kwanza hiyo karatasi ndipo uendelee kusoma. Mtoto ana wiki tatu, unamnyonyesha kila baada ya saa nne "asidekee", katikati analia mpaka usingizi unamchukua, halafu unatuuliza kama uongeze ziwe saa tano? Na pampu ipi ununue, na gauni la ubatizo lishonwe wapi, na kanisani itakuwaje akililia ziwa? Nimesoma nikatetemeka. Huyo ni mimi wa mwaka 2016.

Ratiba yangu nilipewa na mama mmoja wa parokiani, mtu wa kuheshimika. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku, basi, mpaka kesho. Akaniambia mtoto anazaliwa na dhambi ya asili, kwa hiyo akilia nje ya ratiba anakupima. Ukimpa ziwa unalea ubinafsi. Jamani! Dhambi ya asili inaondolewa kwa Ubatizo, tangu lini ikaondolewa kwa njaa? Lakini mimi ni mhasibu, nikionyeshwa jedwali naona wokovu. Nikafungua daftari: titi la kulia dakika 10, la kushoto dakika 10, jumla, sahihi. Mume wangu akauliza wakaguzi wanakuja lini.

Mama mkwe alishuka kutoka Kibosho na mtori wake, akakuta mtoto analia na mimi nimekaa naangalia saa. Akasema, "Mwanangu, si umpe ziwa." Nikamjibu bado dakika 40. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile natamani kuingia uvunguni.

Sasa sikia kilichonigharimu. Wiki ya nne mtoto aliacha kulia. Nikatamba jumuiya nzima kwamba wangu mtulivu, amefundishika. Nikimnyonyesha anafumba macho, haniangalii, anavuta mara mbili tatu analala. Wiki ya sita tukaenda kliniki, nesi akamvalisha ile kaptula ya kwenye mzani wa kuning'inia. Alizaliwa na kilo 3.1. Mshale ukasimama kwenye 3.3. Akamshusha, akamning'iniza tena, ukarudi palepale. Ananyonya mara ngapi? Mara tano, nikasema, tena kwa majivuno. Nesi akanitazama. "Huyu hajatulia, mama. Amechoka kukuomba."

Nililia pale pale kwenye benchi, kadi mkononi.

Maziwa hayakai kwenye tangi yakingoja saa yao. Yanatengenezwa kadiri yanavyonyonywa, hasa usiku, na mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Kilio ni ombi la mwisho. Kabla yake ameshageuza kichwa kutafuta, amelamba midomo, amekula ngumi. Ukiona ngumi mdomoni, mpe ziwa. Sina sheria nyingine.

Nesi aliniambia nilale naye kifua kwa kifua, nimpe kila anapotaka. Siku ya tatu akanyonya huku amenikazia macho, akaliachia ziwa, akatabasamu, maziwa yakamchuruzika shavuni. Tulikuwa tumekaa nyumba moja wiki sita, siku hiyo ndiyo tukafahamiana.

Ila maziwa hayakurudi yote. Usiku nikawa naongezea ya kopo, hapo nikapata hasara ya pili. Sisi tulitegemea kunyonyesha kutupangia uzazi, njia ambayo Kanisa halina ugomvi nayo. Inafanya kazi, lakini ina masharti: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, ananyonya tu bila kingine, na pengo kati ya kunyonya na kunyonya halizidi masaa 4 wakati wa mchana au masaa 6 wakati wa usiku. Mimi nilishika la umri na la hedhi, mengine nikawaachia malaika. Wanangu wamepishana miezi 13. Watu wakiniuliza kama ni mapacha siku hizi naitikia tu.

Na asikuuzie mtu ukali wake kwa jina la Kanisa. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba kunyonyesha kunajenga kifungo cha upendo na usalama kati ya mama na mtoto, na kwamba hapo mtoto anajitokeza kama mtu. Wangu nilikuwa nimemfanya safu ya matumizi. Na katika Isaya 49, Mungu akitafuta mfano wa asiyesahau, anamtaja mama na mtoto wake anyonyaye. Wahasibu hatumo.

Kanisani? Januari 2017, akibatiza watoto kwenye Kikanisa cha Sistina, Papa Fransisko aliwaambia akina mama wanyonyeshe bila woga, kama Bikira Maria alivyomnyonyesha Yesu. Basi ubatizo wa huyu wangu wa pili, litania ya watakatifu ikiendelea, akaanza kula ngumi. Nikatupia khanga begani nikampa, benchi la pili kutoka mbele. Yule mama wa ratiba alikuwa nyuma yangu. Akakohoa. Nikabadilisha ziwa.