Sanduku la Historia: Waayalandi, Ng'ombe Wao na Nasaba za Kutunga

Katika toleo lililopita niligusia kwa aya mbili tu kaburi la Newgrange lililoko Ayalandi, nikadhani nimemalizana nalo. Barua zilizokuja zimenilazimu kuwapa Waayalandi ukurasa mzima. Maswali ya ukoloni wa Waingereza na ya njaa ya viazi nimeyaweka pembeni hadi siku nyingine. Leo nabaki na wale wa kale.

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma mahali kwamba Waayalandi walitoka Misri, kwingine wanasema Hispania, na binamu yangu anashikilia kuwa wao ni Waselti halisi. Nimwamini nani?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita*

Marahaba, mwanangu. Habari ya Misri na ya Hispania zimepikwa chungu kimoja, nacho ni mkusanyo wa simulizi ulioandikwa na wanazuoni wa Ayalandi katika karne ya 11. Humo, Cesair, mjukuu wa Nuhu, anafika kisiwani siku 40 kabla ya gharika. Baadaye anatajwa Scota, binti Farao, na uzao wake unazunguka dunia mpaka Hispania, ambako wana wa mzao wake mmoja, Míl, wanapanda vyombo kuja kuitwaa Ayalandi. Waandishi wale walikuwa wamebobea katika Biblia na vitabu vya Kilatini, wakaona taifa lao halimo katika orodha ya wana wa Nuhu. Wakalitafutia nafasi. Na kila ukoo wa kifalme ulitaka nasaba yake ifike kwa Míl, na walikuwapo mabingwa wa kuifikisha. Sisi tuliokua na simulizi za majahazi saba ya Shirazi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mifupa inasema mengine. Wawindaji walipiga kambi Mount Sandel, ukingoni mwa mto Bann, karibu mwaka 8000 K.K. Upo pia mfupa wa dubu wenye alama za kisu kutoka pango moja la Clare, wa miaka kama 12,500 iliyopita, lakini huyo mchinjaji wa dubu simhesabu kuwa babu wa mtu. Vinasaba vya wawindaji wa baadaye vinaashiria watu wenye ngozi nyeusi na macho ya buluu. Kisha, baada ya mwaka 4000 K.K., wakaingia wakulima wenye ng'ombe, kondoo na ngano, watu ambao asili yao ya mbali ni Anatolia, Uturuki ya leo. Hao ndio wajenzi wa Newgrange, karibu mwaka 3200 K.K., kabla ya piramidi za Giza. Mwanamke mmoja wa jamii yao alifukuliwa Ballynahatty, karibu na Belfast, mwaka 1855, na vinasaba vyake vilipokuja kusomwa vikaonyesha wazi asili hiyo ya mashariki.

Wimbi la tatu ndilo lililobadili sura ya nchi. Karibu mwaka 2400 K.K. wanaonekana watu wenye damu ya nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, pamoja na ufundi wa shaba; mgodi wa Ross Island huko Killarney ni wa wakati huohuo. Mwaka 2006, nyuma ya baa moja katika kisiwa cha Rathlin, yalipatikana makaburi ya wanaume wa miaka kama 4,000 iliyopita, na hao wanafanana na Waayalandi wa leo kuliko wanavyofanana na wakulima wa Newgrange. Kwa hiyo anayejivunia kwamba babu zake walijenga Newgrange anajivunia zaidi kazi ya watu waliomtangulia nchini.

Ama Uselti, yaani kuwa wa ile jamii ya watu wa kale wa Ulaya iitwayo Waselti, hakuna mwandishi wa kale wa Ugiriki wala Roma aliyewaita Waayalandi hivyo. Lugha yao ndiyo ya jamii ya Kiselti, na undugu wake na Kiwelisi cha Wales na Kibretoni cha Ufaransa ulielezwa na Edward Lhuyd wa Wales mwaka 1707. Lini lugha hiyo ilivuka bahari, wataalamu wanavutana: wengine wanaifungamanisha na wimbi hilo la shaba, wengine wanaileta karne nyingi baadaye. Kwa lugha, binamu yako amepata. Kwa damu, mwambie arudi darasani.

Je, ni kweli aliyezikwa Newgrange alizaliwa na kaka na dada?
*Msomaji asiyetaka jina lake litajwe*

Ama kaka na dada, ama mzazi na mwanawe. Vinasaba haviwezi kutofautisha hayo mawili kwa uhakika. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Watafiti wale walikumbuka mafarao na wafalme wa Inka waliooa dada zao, wakapendekeza kuwa hiyo ilikuwa familia ya watawala. Wako waliowapinga: mfupa wa mtu mmoja, wanasema, hautoshi kuwa ushahidi wa ufalme mzima. Mimi nasimama na hao wa pili. Kuhusu jua: ndiyo, alfajiri za siku fupi kuliko zote, karibu na Desemba 21, mwanga hupita katika uwazi ulioachwa juu ya mlango, ukaenda mita 19 za ujia hadi chumbani, ukakaa kama dakika 17. Michael O'Kelly, aliyekuwa akiongoza uchimbaji, aliushuhudia Desemba 1967.

Mwalimu, Warumi waliitwaa Britania. Walishindwa nini na kisiwa cha jirani?
*Fundi umeme, msomaji wa muda mrefu*

Hawakujaribu. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anaandika kwamba baba mkwe wake, jenerali Agricola, aliitazama Ayalandi kutoka ng'ambo karibu mwaka 82, akawa anasema jeshi moja la Kirumi na askari wasaidizi wachache wangetosha. Alikuwa hata na mfalme mdogo mkimbizi wa Kiayalandi, amemweka akiba. Lakini Roma ilikuwa na vita kwingine, na mpango ukafa.

Biashara, hata hivyo, ilivuka. Maiti moja ya kale iliyohifadhiwa na kinamasi huko Clonycavan, iliyofukuliwa mwaka 2003, nywele zake zilikuwa zimepakwa mafuta yenye utomvu wa msonobari wa kusini mwa Ufaransa au Hispania, na kifo chake ni cha karne kadhaa kabla ya Kristo. Na katika ngome ya Navan, makao ya kale ya Ulster, jimbo la kaskazini, wachimbaji walikuta fuvu la kima wa Afrika ya Kaskazini. Nimewahi kufikiria sana safari ya mnyama yule.

Mwalimu, mimi ni mfugaji. Nimesikia kuwa Waayalandi wa zamani walihesabu kila kitu kwa ng'ombe, hata heshima ya mtu. Nieleze vizuri, na usinifiche kitu.
*Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa*

Umeniuliza ninachokipenda, ndugu yangu, basi kaa.

Hadi karibu mwaka 997, Sitric, mfalme wa Dublin wa Waviking, wale mabaharia waliotoka kaskazini mwa Ulaya, alipoanza kupiga sarafu zake za fedha, Ayalandi haikuwa imetengeneza sarafu yoyote. Sheria zilizoandikwa katika karne ya 7 na ya 8 zinapanga thamani kwa ng'ombe wa maziwa, mitamba na ndama. Kijana mwenye shamba lake dogo anaorodheshewa ng'ombe saba na fahali wao, nguruwe saba, kondoo saba na farasi mmoja. Huyo ni mtu huru wa daraja la chini, na kwa macho yangu si maskini. Aliyepungukiwa alikwenda kwa bwana, akapewa ng'ombe wa kuwafuga, kisha kila mwaka akalipa kwa ndama, nyama, nafaka na nguvu za mikono yake. Ukubwa wa bwana ulipimwa kwa idadi ya watu aliowakabidhi ng'ombe kuliko kwa ekari.

Majani ndiyo siri yenyewe. Bede, mtawa Mwingereza aliyemaliza historia yake mwaka 731, anasema majira ya baridi ya Ayalandi ni ya upole kiasi kwamba watu hawakati nyasi za akiba wala hawajengei mifugo mabanda. Maziwa, jibini na siagi vilikuwa chakula cha kiangazi, na siagi nyingine waliizika kinamasini. Hadi leo wakata udongo wa kinamasi hukutana nayo. Usiku ng'ombe waliingizwa ndani ya boma la mviringo, tuta la udongo lenye handaki kuzunguka nyumba. Yamehesabiwa zaidi ya 40,000 nchini kote. Wezi hawakukosekana, na mfalme mpya alitarajiwa kuanza utawala wake kwa kuvamia mifugo ya jirani, kwa hiyo mwizi mkubwa ndiye aliyekuwa amevikwa utawala.

Sasa heshima. Kila mtu huru alikuwa na bei ya heshima yake. Ukimtukana, ukamjeruhi au ukamwibia, unamlipa bei hiyo, mbali na fidia ya hasara yenyewe. Na kiapo chake mahakamani kilikuwa na uzito wa bei hiyohiyo tu. Kwa mtu aliyeuawa kulikuwa na dia, na ndugu wa muuaji walishirikishwa kuilipa. Wafalme walikuwa wengi, labda 150 kwa wakati mmoja, kila mmoja na kabila lake dogo, na heshima yao iliweza kushuka. Mfalme aliyekutwa na shoka, nyundo ya mti au sepetu mkononi alilipwa kama mtu wa kawaida. Aliyejeruhiwa mgongoni akikimbia vita, vilevile, isipokuwa silaha iwe imepenya kutokea mbele. Hapo mwanasheria wa karne ya 8 alikuwa amefikiria kila kitu.

Na mdogo aliyedhulumiwa na mkubwa? Alikwenda mlangoni kwa mkubwa huyo akafunga, asile. Mkubwa akiendelea kula bila kutoa rehani kwamba atalitatua deni, haki yake ilianguka. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la busara kuliko yote katika vitabu vyao.

Umeniambia nisikufiche kitu. Juu ya ng'ombe palikuwa na kipimo kikubwa zaidi, nacho kilikuwa mjakazi. Mara nyingi mmoja alihesabiwa sawa na ng'ombe watatu wa maziwa, mahali pengine zaidi. Bei ya heshima ya mfalme wa kabila moja ilikuwa wajakazi saba. Kufikia wakati wa sheria zile mara nyingi malipo yenyewe yalitolewa kwa ng'ombe au kwa ardhi, lakini kipimo cha thamani hakianzi hewani. Kilianza na wanawake waliotekwa.

Mtakatifu Patrick aliwafukuza nyoka kweli?
*Mwalimu wa dini*

Nyoka hawakuwapo. Solinus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 3, alishaandika kwamba Ayalandi haina nyoka, na Patrick ni mtu wa karne ya 5. Baada ya barafu kuyeyuka, bahari ilikizunguka kisiwa kabla hawajafika.

Patrick mwenyewe ana kisa kizito kuliko cha nyoka. Alikuwa Mbritania, mwana wa shemasi Calpornius na mjukuu wa padri Potitus. Akiwa na miaka karibu 16 alitekwa na maharamia wa Kiayalandi pamoja na maelfu ya wengine, akachunga mifugo miaka sita, akatoroka, kisha akarudi kwa hiari kuwahubiria waliomfanya mtumwa. Haya tunayo kwa maandishi yake mwenyewe ya Kilatini. Hataji nyoka, wala jani la pande tatu la kufundishia Utatu, ambalo linajitokeza vitabuni katika karne ya 18. Anachokitaja ni kwamba miongoni mwa waongofu, walioteseka zaidi ni wanawake walioshikwa utumwani. Ipo pia barua yake kali dhidi ya askari wa Coroticus, mtawala Mkristo, walioteka watu waliokuwa ndiyo kwanza wamebatizwa na kuwauza.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 431 Papa Celestine alimtuma Palladius awe askofu wa Waayalandi waliokwisha kumwamini Kristo, maana yake walikuwapo. Palladius amesahauliwa kwa sababu kanisa la mji wa Armagh lilimchukua Patrick kuwa wake, na kadiri Patrick alivyokuzwa ndivyo madai ya Armagh juu ya makanisa mengine yalivyokua.

Brian Boru aliwafukuza Waviking mwaka 1014. Mbona wewe uliwahi kuandika tu kwamba alipigana nao?
*Msomaji aliyekasirika*

Usikasirike, mzee wangu. Tazama waliokuwa uwanjani Clontarf ile Ijumaa Kuu, Aprili 23. Upande mmoja Brian, mfalme kutoka jimbo la kusini la Munster. Upande wa pili Máel Mórda, mfalme wa Leinster, Mwayalandi kama yeye, pamoja na Sitric wa Dublin na Sigurd wa visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Skotilandi. Sitric huyo alikuwa amemwoa binti ya Brian. Mama yake Sitric, Gormlaith, aliwahi kuwa mke wa Brian, naye ni dada yake Máel Mórda. Vita ile ilikuwa ya mashemeji.

Brian aliuawa siku ileile, na jeshi lake likashinda. Aliyefaidika ni mpinzani wake wa zamani, Máel Sechnaill, aliyerudi kwenye ufalme mkuu wa Ayalandi hadi alipokufa mwaka 1022. Hadithi ya mkombozi aliyelisafisha taifa ilitungwa mwanzoni mwa karne ya 12, wakati Muirchertach, kitukuu wa Brian, alipokuwa akitafuta kutambuliwa kisiwa kizima.

Waviking hawakwenda popote. Sitric alitawala Dublin hadi mwaka 1036, akaenda kuhiji Roma, akaanzisha kanisa kuu ambalo bado lipo mjini. Hatua chache kutoka hapo, Wood Quay, yalifukuliwa mabaki ya mji wao, na serikali ya jiji ilipotaka kujenga ofisi juu yake, maelfu ya watu wa Dublin waliandamana mwaka 1978 kuutetea. Ofisi zikajengwa hata hivyo.