Sungura mzima: kagua miguu ya mbele kabla ya pua

SWALI: Wanangu wanataka sungura wawili wa kufuga hapa nyumbani Mamboleo, Kisumu. Muuzaji anasema wake wote ni wazima, eti nitazame tu wanavyoruka. Niwakague vipi kabla sijalipa, na wakishafika nyumbani niangalie nini? Mmoja nilimwona akikojoa mkojo mwekundu, nikaogopa ni damu. – Mama wa watatu

JIBU: Mama, kuruka hakutoshi. Sungura ni mnyama wa kuwindwa; akiumwa hujikaza asionekane dhaifu. Ukimkuta amejikunyata pembeni, mara nyingi ugonjwa umemkaa siku kadhaa. Kwa hiyo tafuta alama ambazo hawezi kuzificha, wala muuzaji hawezi.

Anza na miguu ya mbele, upande wa ndani. Sungura mwenye mafua hujipangusa pua kwa miguu hiyo kutwa nzima. Pua yenyewe inaweza kufutwa dakika mbili kabla hujafika, lakini manyoya yaliyogandamana kwa kamasi kavu hayasafishiki upesi. Ukiyakuta, mwache hata ukipunguziwa bei. Mafua hayo aghalabu huletwa na bakteria aitwaye Pasteurella multocida. Dawa humtuliza, kisha yanarudi, na mwenzake naye anaambukizwa.

Fungua masikio uone hadi chini. Gamba la kahawia lililopandana ndani ni kazi ya utitiri. Usilibandue, chini yake ni kidonda. Daktari wa mifugo hudunga aivamektini, dawa ya kuua vimelea, akarudia baada ya wiki mbili hivi, na gamba huanguka lenyewe. Huyu anatibika, yule wa mafua ndiye wa kukimbia.

Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Meno ya juu yakae mbele kidogo ya yale ya chini, yakigusana. Meno ya sungura hayaachi kukua, ya mbele kama milimita 2 kwa wiki, na husagana yenyewe kwa yenyewe. Yakikaa upande hayasagani: yanarefuka, yanajikunja, na mnyama anakonda bakuli likiwa limejaa. Kidevu chenye mate ni dalili ya mapema.

Sasa mgeuze, ukimkinga makalio kwa mkono mmoja, kwa maana akirusha teke hewani anaweza kujivunja mgongo. Chini ya mkia pawe pakavu. Mtoto aliyetoka kuachishwa kunyonya, mwenye tumbo kubwa, mgongo uliochongoka na mkia uliochafuka, mshuku koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, ambayo hushamiri palipo na kinyesi na unyevu. Nyayo za nyuma nazo zisiwe na vidonda vya waya.

Kuhusu mkojo, usiogope upesi. Wa sungura huanzia manjano hadi rangi ya kutu kutegemea alichokula, tena huwa mzito kwa sababu madini ya chokaa (kalsiamu) ya ziada mwilini hutokea huko. Damu mara nyingi huonekana kama madoa au mabonge, si rangi moja iliyoenea. Akijikaza kukojoa, au ukiona mabonge, daktari ana kijiti cha kupimia.

Nyumbani, kinyesi cha asubuhi kitakueleza kuliko macho. Kiwe kikavu, cha mviringo, saizi inayolingana, na ukikivunja uone nyuzi za nyasi. Kikiwa kidogo na haba, tumbo linapunguza mwendo. Usishtuke ukimwona akiinama na kula kinyesi chake laini, chenye kung'aa, kilichoshikana kama kishada. Ndivyo alivyoumbwa, hupata vitamini humo. Tatizo ni kukikuta kila siku kimeachwa sakafuni: mara nyingi peleti (chakula cha dukani cha punje ngumu) zimezidi, au amenenepa hawezi kujifikia. Kwa mkubwa wa kufugwa, gramu 25 za peleti kwa kila kilo ya uzito kwa siku zinatosha. Nyasi kavu ziwepo usiku na mchana. Majani ya viazi vitamu yanyaushe kwanza. Ya parachichi, nyanya na viazi mviringo usimpe kamwe.

Kisumu kuna jambo jingine: joto. Sungura hatoi jasho kama sisi, hupoa hasa kwa masikio yake. Akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa sekunde 15 uzidishe mara 4. 30 hadi 60 ni sawa. Kizimba kikipita nyuzi 30, mwekee chupa ya maji yaliyoganda aiegemee. Akihema mdomo wazi, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, umpeleke kwa daktari. Kizimba cha mabati bila dari huua adhuhuri hata kama asubuhi alikuwa mzima.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike. Kukonda huonekana kwenye daftari kabla ya mwilini. Na akikaa muda wa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, usingoje kesho, wala usimpe amoksilini iliyobaki ya watoto. Dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wa tumboni wanaomsagia chakula, wale wabaya wanajaza nafasi, na kuhara kunakofuata humuua kwa siku chache.