Ufunguo Kwanza Uingie Mfukoni

Wiki hii mmetuuliza wasomaji wenye pikipiki: je, unamruhusu rafiki asiyejua kuendesha akalie pikipiki yako? Jibu langu ni ndiyo, namruhusu, tena kwa moyo mmoja. Ila kabla hajainua mguu, ufunguo nauchomoa na kuutia mfukoni mwangu. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Nilianza na ndiyo ya holela, nikahamia kwenye hapana ya hasira kwa zaidi ya miaka miwili, na hapa nilipo leo nimefikishwa na mguu wa mtu mwingine.

Mimi ni mwanamke, naishi Tukuyu, mkoani Mbeya, na kazi yangu ni kukusanya parachichi vijijini. Siku za msimu naingia Kiwira, naingia Isongole, napita njia ambazo mvua ikinyesha gari linabaki barabarani na pikipiki inaendelea. Na mvua za kwetu Rungwe mnazijua, kwa mwaka zinapita milimita 2,000. Mwanamke anayejiendesha bado anatazamwa huku. Nikisimama mahali, kina mama na mabinti wanakuja kuizunguka pikipiki, wanashika usukani, wanapapasa siti. Halafu mmoja anasema: "Dada, hebu nikae kidogo nipigwe picha."

Zamani nilikuwa nasema kaa tu. Sikuona tatizo, kukaa si kuendesha.

Siku moja nilikuwa Uyole kwenye sherehe ya ubatizo nyumbani kwa ndugu zake rafiki yangu. Jioni wakati wa kuondoka nikaiwasha pikipiki ipate moto, maana Uyole jioni ni baridi na injini ilikuwa imelala tangu asubuhi. Ikawa inanguruma taratibu kwenye nyutro, yaani bila gia, mimi naaga wazee mlangoni. Rafiki yangu akaomba akae. Nikamwambia kaa, nikaendelea kuaga.

Alikuwa amevaa gauni la kitenge na viatu vya wazi. Kwa kuwa amenitazama mara nyingi, alijua kwamba mkono wa kushoto unabana klachi, ile inayotenganisha injini na tairi, na mguu wa kushoto unaingiza gia. Akabana, akaingiza. Kufika hapo hakukosea chochote. Mtu akamwita jina lake atazame simu apigwe picha, akageuka, na vidole vikaiachia klachi.

Pikipiki iliruka. Nimekaa na lile tukio muda mrefu na nimelielewa kipande kwa kipande, naomba mnivumilie nilieleze, kwa sababu naamini wenye pikipiki wengi tunaiendesha kila siku bila kulijua. Mkono wa kulia una kazi mbili zinazopingana. Vidole vinabana breki ya mbele, kiganja kinavuta mafuta. Pikipiki ikiruka mbele ghafla, kiwiliwili cha aliyekaa kinabaki nyuma. Mikono inanyooka, anajishikilia asianguke, na kule kujishikilia kunakipinda kiganja kuja kwake. Kupinda huko ndiko kuvuta mafuta. Kadiri anavyozidi kushtuka ndivyo anavyozidi kubana, na kadiri anavyobana ndivyo injini inavyozidi kumpeleka. Hakuna mtu aliyetaka kwenda mbio pale, ni mwili tu ulikuwa unajiokoa kwa njia unayoijua. Usimwambie mtu wa namna hiyo kwamba ni mjinga. Hata wewe mkono wako ungefanya vilevile usingekuwa umefundishwa kuachia.

Alivuka uwanja wote mpaka kwenye migomba, akaangukia upande wa kulia. Ekzosi, bomba la moshi, iko kulia. Nilipofika, shavu la mguu wake lilikuwa chini ya lile bomba, na injini bado inanguruma. Tuliiinua watu watatu. Neno la kwanza alilosema, mguu ukiwa umeungua, ni hili: "Dada, nisamehe, nimekuharibia pikipiki."

Hilo neno sijalisahau mpaka leo. Pikipiki ilikuwa imevunjika saitimira moja na mkono wa breki umepinda.

Jambo jingine lilitokea palepale, nalo nalisema ili likuokoe wewe au ndugu yako. Watu wenye nia njema walikimbilia dawa ya meno, wakaipaka jeraha lote. Tulipofika kwenye matibabu, muuguzi alilazimika kuiosha ile dawa kwanza kwenye nyama mbichi, na kilio cha pale kilikuwa kikubwa kuliko cha migombani. Ekzosi ikimchoma mtu, ni maji safi, baridi ya kawaida, yamwagikie jeraha kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, siagi wala mafuta. Ukishamaliza funika kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali.

Kovu lake hadi leo lina ukubwa wa kiberiti.

Baada ya hapo nikawa mtu wa hapana. Nilikuwa nasema ule msemo wa vijiweni kwamba pikipiki ni kama mswaki, haiazimwi. Ukiikaribia nakuondoa. Nilijiona nimekuwa mtu mwenye busara, kumbe nilikuwa naogopa tu.

Aliyenitoa huko ni mtoto wa dada yangu. Alikuja likizo kutoka chuoni, binti wa miaka 22, akaniomba akae, nikamkatalia. Akaniambia kwa upole, "Mama mdogo, tangu nizaliwe napakiwa nyuma. Nimepanda bodaboda Mwanjelwa, nimepanda Mafiati, hakuna hata mmoja aliyewahi kunionyesha breki iko wapi. Dereva akizimia barabarani, mimi nitafanya nini?" Sikuwa na jibu. Na alisema kweli. Kaka zake wamejifunza wakiwa wadogo, jioni moja kwenye uwanja wa mpira, kwa pikipiki ya jirani. Yeye nafasi yake ilikuwa nyuma, mara nyingine amekaa upande kwa sababu ya sketi, miguu yote miwili inaning'inia kushoto.

Ndipo nikaona kwamba hapana yangu haikumzuia mtu yeyote kukalia pikipiki. Ilimpeleka tu kwa mtu mwingine, ambaye atamwachia injini ikiwa inanguruma kama nilivyofanya mimi Uyole.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Natafuta mahali pa usawa, pagumu, pasipo na watu mbele. Udongo wetu mwekundu ukilowa, stendi ya pembeni inazama taratibu huku umesimama unapiga stori, na pikipiki inalala yenyewe. Ndiyo maana nina kipande cha ubao chini ya siti, upana wa kiganja, naweka chini ya stendi. Natazama viatu. Kandambili hapana. Gauni refu linakunjwa na kufungwa. Mtu anapandia kushoto na kushukia kushoto, na kabla hajapanda namwonyesha ekzosi, namwambia sogeza kiganja karibu bila kugusa, usikie joto. Akishalisikia joto lile kwa ngozi yake mwenyewe, sina haja ya kumkumbusha tena.

Halafu nampa uzito. Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote. Pikipiki yangu ina zaidi ya kilo 100. Namwambia aitoe kwenye stendi, mimi nimeshika kwa nyuma. Ikiwa wima kabisa, unaweza kuishikilia kwa vidole viwili, na watu hucheka kwa mshangao. Namwambia ainamishe kidogo kushoto, aisikie inaanza kuvuta. Kidogo tena. Hapo imekuwa gunia la viazi. Ukizidisha kidogo tu imekuwa lumbesa, na lumbesa hata wapakiaji wa sokoni hawaikamati peke yao. Namwambia arudishe kabla haijafika huko, arudishe tena na tena, mpaka nyonga na magoti yake yajue mpaka uko wapi bila yeye kufikiri. Na namwambia neno ambalo sikumwambia mtu yeyote kabla ya Uyole: ikianza kwenda, iachie. Ruka pembeni, iache ianguke. Saitimira fundi anabadilisha siku hiyohiyo.

Namfundisha pia kwamba usukani ukiwa umekatwa kona na mwendo ni wa kutembea, ukibana breki ya mbele kwa nguvu unaiangusha pikipiki hapohapo. Hata wazoefu inawapata wanapogeuza uani.

Ninaowaogopa zaidi si wale wasiojua kitu. Nawaogopa wanaojua baiskeli. Kwenye baiskeli mikono yote miwili ni breki, na mtu aliyepanda baiskeli tangu utotoni ameshaizoesha mikono yake hivyo. Mweke kwenye pikipiki akapata hofu, atabana vishikio vyote viwili, na cha kushoto ni klachi. Klachi ikibanwa kwenye mteremko, injini inaachana na tairi, ile kazi yake ya kuizuia pikipiki inakwisha, na breki ya mbele isipobanwa vya kutosha mwendo unaongezeka wakati yeye anaamini anafunga breki mbili. Mteremko wa Igawilo kushuka Uyole si mahali pa kugundua jambo hilo.

Kundi jingine ni wanaume wanaosema "najua bwana, nipe tu." Sibishani nao. Namuuliza mtu swali moja: breki ya nyuma iko mguu gani? Akitazama chini kabla ya kujibu, basi naye anaanza kwenye ubao na stendi kama binti yangu. Wapo waliokasirika. Shemeji yangu mmoja hakunisalimia wiki nzima. Sijutii.

Wapo watakaosema nazidisha, mtu ameomba picha tu. Nawajibu kwamba rafiki yangu naye aliomba picha tu. Kati ya kukaa na kwenda kuna ufunguo na vidole vinne, basi. Ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, vidole vinaweza kukosea vinavyotaka, na kosa linakuwa somo.

Ufunguo urudi lini? Siku anayotaka kujifunza kweli, tena si siku hiyohiyo ya kwanza. Binti yetu alikaa Jumamosi mbili bila injini, anabana klachi na kuiachia polepole, anatafuta nyutro kwa unyayo bila kutazama. Jumamosi ya tatu tukawasha, kwenye uwanja wa shule, akaenda hatua kumi na kusimama, hatua kumi na kusimama. Barabarani hakuingia. Kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 mtu asiye na leseni hana ruhusa ya kuendesha, anayejifunza naye anahitaji leseni ya kujifunzia, na akigonga mtu bila hiyo, kampuni ya bima inaweza kukugeuzia kisogo wewe mwenye chombo. Hilo halina mjadala.

Na watoto, hapana. Simkalishi mtoto kwenye tanki hata kama mama yake ananibembeleza, hata kwa picha, hata ikiwa imezimwa. Pikipiki iliyolala juu ya mtu mzima inaweza kumvunja mguu. Juu ya mtoto sitaki hata kuifikiria.

Pasaka iliyopita rafiki yangu wa Uyole alikuja kunitembelea. Sikuwa nimewahi kumwambia apande tena, na yeye hakuwa ameomba. Tulikuwa nje tunamenya ndizi, pikipiki iko pale kwenye ubao wake. Akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Dada, ikiwa imezimwa inaweza kuruka?" Nikainuka, nikachomoa ufunguo, safari hii sikuuweka mfukoni mwangu. Nilimpa yeye aushike.

Alifunga kitenge vizuri, akavaa raba zangu. Akapandia kushoto. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikaishika pikipiki kwa nyuma, nikamwambia aitoe kwenye stendi taratibu. Ikasimama wima. Akakaa kimya, ameshika usukani kwa vidole tu. "Kumbe siyo nzito," akasema. Nikamwonyesha jinsi ya kuinamisha na kurudisha. Alirudia mara nyingi, nami sikuhesabu. Picha hakuomba. Wingu la Rungwe lilipoanza kushuka akairudisha kwenye stendi mwenyewe, akausukuma ubao kwa ncha ya kiatu ukae sawa, akashukia kushoto.