“To do” au “to be done”? Swali moja lililonisaidia

Niliwahi kumaliza kutafsiri waraka mrefu, usiku umeshakuwa mwingi, nikamwandikia mteja wangu kwa Kiingereza: “There is nothing to be done.” Nilikusudia kumwambia kwamba kazi imekwisha, hakijabaki kitu. Simu yake iliingia kabla sijafunga kompyuta. Alikuwa na wasiwasi mtupu, anauliza kama faili limepotea au limeharibika.

Ukiikagua sentensi yangu kisarufi huoni kosa. Lakini kwa mzoefu wa Kiingereza maneno yale ni ya kukata tamaa: hakuna namna tena, hali haiokoleki. Ningeandika “There is nothing to do”, angeelewa kwamba nimekaa tu, sina shughuli. Nilichokihitaji ni “There is nothing left to do.”

Nilirudi kwenye vitabu vya sarufi. Karibu vyote vina jedwali lile lile tulilokaririshwa shuleni: “to write”, “to be written”, “to have written”, “to have been written”. Jedwali ni sahihi, ila linakuonyesha maumbo bila kukuambia lini utumie lipi. Mimi nilifunguka macho nilipoanza kujiuliza jambo moja mbele ya kila sentensi: mtenda ni nani, na yumo humu ndani?

Penye kitenzi kama “want” hatuna shida. “He wants to pay” ni anataka kulipa. “He wants to be paid” ni anataka kulipwa. Ile “w” yetu ndogo inafanya kazi ile ile ya “to be” pamoja na umbo la tatu la kitenzi. Sijaona Mswahili akiyachanganya haya mawili.

Shida huanza kitenzi kinapofuata nomino. Hapo usikimbilie Kiingereza. Sikiliza kwanza lugha yako. Tunasema maji ya kunywa. Maji hayanywi chochote, yananywewa, na bado hakuna anayesema “maji ya kunywewa”. Mnywaji anajulikana, basi kauli ya kutenda inatosha. Kiingereza nacho kinasema “water to drink”, “a book to read”. Ukisema “I have clothes to wash”, mfuaji ni wewe mwenyewe, umetajwa mwanzoni mwa sentensi. Ukisema “These are the clothes to be washed”, mfuaji hayumo, macho yote yako kwenye nguo. Nina nguo za kufua. Hizi ndizo nguo za kufuliwa. Tofauti tuliyonayo sisi ndiyo waliyonayo wao.

Baada ya “there is” mlango ni mpana zaidi. “There is work to do” na “There is work to be done” zote zinakubalika, ya pili ikiwa na urasmi kidogo. Ni kwenye “nothing” ndipo maana zinapoachana, kama nilivyojifunza kwa ile simu.

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote, na linaloniuma kwa sababu huwapata hata waandishi wazuri, ni hili: “This book is easy to be read.” Naelewa linakotoka. Tuna kauli ya kutendeka, kitabu kinasomeka, kwa hiyo tunatafuta kitu cha kufanana nayo tunaishia kwenye “to be read”. Lakini baada ya “easy”, “hard”, “difficult” au “impossible”, Kiingereza hubaki na umbo la kutenda: “This book is easy to read.” Na akishaliepuka hilo, mwandishi huangukia la pili: “This book is easy to read it.” Hili nalo ni letu, maana Kiswahili kinaruhusu “kitabu hiki ni rahisi kukisoma”, na ile “ki” ya katikati inadai tafsiri yake. Usiipe. Kwa Kiingereza kitabu kimeshatajwa mwanzoni, na nafasi ya mwisho huachwa wazi. Ukishika hili moja tu, maandishi yako yatabadilika.

Kuna machache ya kukariri tu. Kibao cha nyumba ya kupangisha Uingereza huandikwa “To let”, na mwenye makosa “is to blame”. Umbo ni la kutenda, maana ni ya kutendwa. Kitu kilichotafutwa kikakosekana ni “nowhere to be found”, kwa kauli ya kutendwa.

Baada ya “too heavy” unaweza kusema “to carry” au “to be carried”. Mimi huchagua fupi.

“Ready” ndiyo ya kuangaliwa sana. Tofauti na “easy”, hii inakubali maumbo yote mawili, na “The chicken is ready to eat” ina maana mbili: kuku yuko tayari kula, au yuko tayari kuliwa. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Kiingereza kinakuacha njia panda. Nikikutana na sentensi ya namna hiyo, na maelezo yanayoizunguka hayasaidii, huandika “ready to be eaten” ingawa ni ndefu zaidi.