Meno ya mwanangu yalizibwa, nami nikategemea mtindi

Wiki iliyopita msomaji wa Moshi aliniandikia kwamba binti yake wa miaka minne amezibwa meno matatu, na muuzaji wa duka la dawa amemshauri anunue vidonge vya probayotiki, yaani bakteria wazuri, ili meno yasioze tena; akaniuliza kama avinunue. Swali lako, dada yangu, limenitonesha kidonda, kwa maana njia hiyo nimeipita hapa Arusha.

Mwanangu alikuwa na miaka mitano alipozibwa magego manne na kung'olewa moja. Nilitoka pale nikiamini kazi imekwisha, kumbe kuziba hufunga tundu tu. Bakteria waitwao Streptococcus mutans, ambao hugeuza sukari kuwa asidi inayomomonyoa jino, hubaki kinywani, na hata matibabu yakiwapunguza huweza kuongezeka tena baada ya miezi michache. Kisha nikasoma utafiti wa Helsinki, Finland, uliochapishwa mwaka 2001, ambamo watoto wa chekechea waliopewa kwa miezi saba maziwa yenye Lactobacillus rhamnosus GG, aina mojawapo ya bakteria hao wazuri, walionekana kuoza meno kidogo kuliko waliopewa maziwa ya kawaida, hasa wenye miaka mitatu na minne. Nikajiona msomi. Kila usiku nikampa kikombe cha mtindi wa dukani wenye ladha ya stroberi, tena baada ya kupiga mswaki, na majirani nikawahubiria.

Miezi minane baadaye daktari alikuta tundu jipya. Aliniuliza, "Mama, huyu analala na nini mdomoni?" Nilipomtajia ule mtindi, alinyamaza, na ukimya ule unaniuma hadi leo. Sukari ya kikombe kile ilikuwa ikiwalisha wale wale niliotaka kuwafukuza, usiku, wakati mate ya kuosha kinywa ni machache.

Wazazi wenzangu, tuache kutafuta dawa ya mkato. Bakteria wazuri ni wageni: ukiacha kuwapa, kwa kawaida huondoka. Mtindi uwe usiotiwa sukari, uliwe mchana pamoja na chakula. Mswaki ni mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, naye ateme. Baada ya mswaki wa usiku ni maji matupu. Wala tusijidanganye, sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru, kwamba floraidi ya maji yetu inatosha. Ikizidi huyatia meno madoa ya kahawia, na meno hayo hayo bado yaweza kuoza.

Kwa hiyo, dada, vidonge vinunue ikiwa fedha imebaki baada ya dawa ya meno, lakini kwanza uiondoe chupa ya chai ya maziwa kitandani, ile uliyoitaja kwa kupitia tu mwishoni mwa ujumbe wako. Mwanangu sasa ana miaka saba na magego ya kudumu yameota. Mwezi uliopita daktari yule yule alimkagua asione tundu hata moja, nami picha ya kinywa kile nimeituma kwenye kundi la ukoo mara mbili.